Kitasa Chini ya Kiti

Baiskeli yangu ya kwanza iliibwa nje ya hospitali, mchana kweupe, siku ya nne tangu mume wangu alazwe kwa kiharusi. Kufuli nilikuwa nalo. Kufuli la maana, la mnyororo mnene, na siku hiyo lilikuwa nyumbani likining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, kwa sababu mtu aliyetoka kuambiwa kwamba mumewe hawezi kuinua kijiko hakumbuki kufuli. Nilitoka wodini nikakuta ukuta na alama ya tairi kwenye vumbi. Sikumlaani mwizi siku ile, sikuwa na nguvu. Nilimlaani baadaye nilipopata nafasi, na nilimlaani vizuri.

Wiki tano nilikwenda hospitali kwa miguu, asubuhi na jioni. Mimi ni mshonaji. Miguu yangu kazi yake ni kukanyaga cherehani, si kupima barabara. Mume wangu sikumwambia kitu, lakini yule bwana hata akiwa mgonjwa si wa kudanganywa. Siku moja, mdomo ukiwa bado umempinda, alivitazama viatu vyangu kwa muda, akaniuliza, "Baiskeli iko wapi?"

"Ina pancha."

"Pancha ya wiki tatu?"

Nikamwambia anyamaze, daktari amesema asichoke.

Mume wangu ni fundi vitasa. Miaka thelathini ametia vitasa kwenye milango ya watu, na watu wakamwita Kitasa, jina likamkaa mpaka barua zinakuja nalo. Karakana yake na chumba changu cha kushonea vimetenganishwa na ukuta wa mbao tu. Mimi nasikia tupa yake ikikwangua chuma, yeye anasikia cherehani yangu, na tukigombana tunagombana kupitia ubao. Alikuwa na ufundi wake mmoja ambao mafundi wenzake walimwonea wivu: hakupima meno ya ufunguo kwa rula. Alipima kwa kidole gumba cha mkono wa kulia. Anapiga tupa, anapitisha kidole, anapiga tena, anapitisha kidole, na kidole kinamwambia hapa tosha. Alisema rula inajua kusoma lakini haina akili. Katika miaka yote hiyo hakuna nyumba mbili zilizowahi kufunguka kwa ufunguo mmoja.

Ndiyo maana kiharusi kilipompiga upande wa kulia, nilijua kimempiga wapi.

Alirudi nyumbani akijikokota, na kwa miezi miwili alikaa kwenye kiti karibu na cherehani yangu akiminya mpira mkononi kama alivyoagizwa. Halafu asubuhi moja aliingia na kikombe cha chai, amekishika kwa mkono wa kulia, akakiweka mbele yangu bila kumwaga tone. "Umerudi," akasema. "Mkono umerudi." Nilipiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza ni nani kaolewa.

Kazi ya kwanza aliyoifanya kwa mkono huo ilikuwa yangu. Nilikuwa nimenunua baiskeli nyingine, ya mtumba, nyeusi. Aliizunguka kutwa nzima.

"Kosa halikuwa lako," akasema. "Kosa ni la kufuli. Kufuli la kubeba ni la kusahau. Mlango kitasa chake kimo humo humo mlangoni. Umewahi kutoka ukasahau kitasa cha mlango nyumbani?"

"Mimi hata kichwa nimewahi kukisahau."

"Basi na kichwa nitakutilia kitasa, bibie."

Alikata bomba la fremu chini ya kiti, akatia ndani yake kitasa kidogo mfano wa kile cha kabati. Ukizungusha ufunguo, komeo la chuma lenye unene wa kidole linatoka ndani ya bomba, linaingia katikati ya spoku za gurudumu la nyuma, na baiskeli haiendi popote. Mwizi akiitaka aibebe begani kama mgonjwa. Ufunguo wenyewe ni mfupi, una meno matatu tu. Alipomaliza kuchomelea alipaka rangi ya kijani pale penye kovu, kwa sababu ndiyo rangi iliyokuwepo.

Ile baiskeli iliwatia watu wazimu. Wiki haikuisha, wifi yangu, dada yake mkubwa, akaleta ya kwake. Halafu muuza mikate, halafu seremala, halafu nesi wa zahanati ambaye huzunguka kwa baiskeli kuwazalisha kina mama majumbani. Ilipofika ya kumi na saba, mume wangu alikuwa anatembea kifua mbele. Mtu aliyekuwa akiniomba nimfunge vifungo vya shati, sasa anawaambia watu warudi kesho kutwa, kazi ni nyingi. Alikuwa anapiga mluzi huko ndani. Nilikuwa namsikia kupitia ubao nikisema moyoni, Mungu wangu, mwache hivyo hivyo.

Siku ya mkasa ilikuwa Jumatatu. Nilikwenda sokoni kununua uzi na bitana, na nilikuwa na hasira. Kuna mteja alikuwa amenirudishia gauni kwa mara ya tatu, ati linambana. Gauni halikubadilika, aliyebadilika ni yeye, lakini neno hilo haliambiwi mteja. Nilitoka dukani nikisema peke yangu, nikaiendea baiskeli nyeusi yenye kovu la kijani, nikatia ufunguo, komeo likarudi ndani, nikapanda. Njia nzima nikawa namjibu yule mteja yote niliyoshindwa kumjibu mbele ya macho yake. Nilipokaribia nyumbani ndipo nilipogundua kwamba pedali nazigusa kwa ncha za vidole. Nikashuka. Kiti kiko juu. Kwenye karia kuna mfuko uliofungwa kwa kamba, na ndani ya mfuko kuna glavu za kuzalishia.

Nilisimama palepale barabarani. Kwanza nilifikiri, leo nimekuwa mwizi. Kisha nikautazama ufunguo niliokuwa nao. Ulikuwa wangu, una kile kitambaa cha bluu nilichoufungia mwenyewe. Ufunguo wangu umefungua baiskeli ya nesi.

Nikageuza mbio. Nesi alikuwa bado sokoni, amezungukwa na watu, amejishika kiuno mbele ya baiskeli yangu. Ni mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuamsha wodi nzima.

"Nilifunga!" alikuwa anasema. "Nilifunga kwa mkono wangu huu! Kitasa cha Mzee Kitasa hakifunguki hivi hivi!"

Watu wote wakanigeukia. Na mimi, badala ya kusema kweli, nikafungua mdomo na uongo ukatoka wenyewe. "Samahani, nesi wangu, zinafanana. Niliikuta haijafungwa. Umesahau."

"Nimesahau?"

"Umesahau."

Alinitazama, halafu akaitazama mikono yake. Uso ukamshuka. "Jamani," akasema polepole. "Na leo nimetoka kuchoma watu sindano."

Nilirudi nyumbani nikiona haya mpaka masikioni.

Mume wangu alikuwa amelala, ule usingizi wa mchana ambao daktari aliuamuru. Karakanani kulikuwa na baiskeli mbili zilizokwisha, zinasubiri wenyewe. Nilitia ufunguo wangu kwenye ya kwanza. Ikafunguka. Nikatia kwenye ya pili, nayo ikafunguka. Nikachukua funguo zilizotundikwa ukutani, nikazipanga moja juu ya nyingine kama ninavyopanga vitambaa kabla ya kukata mikono ya shati. Zililingana jino kwa jino. Mimi nimekata nguo miaka ishirini, nakijua kitu kilichokatwa kwa kielelezo kimoja.

Hapo hasira yangu ikamwacha mteja, ikamgeukia Kitasa. Nilidhani amefanya makusudi. Nilidhani ni uvivu, au ile jeuri ya mafundi ya kwamba nani atajua. Watu kumi na saba wanalala usingizi wakiamini kila mmoja ana kitasa chake, kumbe kila mmoja ana ufunguo wa wenzake. Mwizi akiokota ufunguo mmoja tu atabeba mtaa mzima. Na nesi je? Akiitwa kwa mama mwenye uchungu, atoke mbio akute baiskeli haipo, yule mtoto atamngoja?

Nikasema akiamka atanikoma. Saa kumi nilimfuata karakanani, mdomo umejaa maneno kama vile ninavyoujaza pini. Nikasimama mlangoni. Alikuwa amenipa mgongo, ameubana ufunguo mpya kwenye jiliwa, anapiga tupa. Mluzi haukuwepo. Alikuwa anahesabu. "Kumi, kumi na moja, kumi na mbili." Akaacha, akapitisha kidole gumba, akahamia jino la pili. Hilo alilipiga mara nane. La tatu, mara kumi na tano. Mume wangu hakuwahi kuhesabu maishani mwake, yeye ni mtu wa kidole.

Kisha nikakiona hicho kidole. Ukingo wa chuma ulikuwa umemchana kwenye nyama, jeraha si dogo, na damu ilikuwa inateremka hadi kwenye kiganja. Alikipitisha tena juu ya jino, polepole, kwa uangalifu, uso umekunjamana kama wa mtu anayesikiliza. Damu ikabaki kwenye chuma. Hakujua. Aliiona baadaye alipotazama chini, akashtuka, akaifuta haraka kwenye suruali, akageuka kuangalia kama kuna mtu.

Mimi nilikuwa nimesharudi upande wangu. Nilikaa nikakanyaga cherehani bila nguo ndani yake, ili asikie kazi inaendelea. Maneno yote niliyokwenda nayo yaliniishia. Mkono haukurudi. Uliweza kushika na kuinua na kusukuma, lakini ulikuwa umekufa ganzi, na kidole alichojivunia mbele ya mafundi wenzake hakikumwambia kitu tena. Ndiyo maana alihesabu. Alipata hesabu moja iliyokubali, kwenye baiskeli yangu mimi, akaing'ang'ania hiyo hiyo mara kumi na saba, maana nje ya hiyo hakuwa na pa kushika.

Sasa nifanyeje? Kumwambia funguo zinalingana ni kumwambia kwamba najua habari ya mkono. Na lile neno lake, "umerudi," ndilo lililomtoa kwenye kiti, likamfunga vifungo vya shati, likampeleka kazini kila asubuhi. Nimnyang'anye mimi? Kunyamaza nako ni kuwaacha watu wazi. Mama yangu alipenda kusema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hakuniachia neno lolote kuhusu mke wa mficha maradhi.

Jumatano nesi akaja. Sikuthubutu kumtazama usoni. Alikuja na habari njema: manesi wenzake saba wanataka kitasa, na Jumamosi asubuhi wataleta baiskeli zao. Mume wangu aliinuka akampa mkono kwa furaha. Nesi alipokuwa akiondoka alinivuta pembeni.

"Mama, tangu siku ile narudi mlangoni kwangu mara tatu kuangalia kama nimefunga," akaninong'oneza. "Dawa nazihesabu, halafu nazihesabu tena. Usimwambie mtu."

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa imeshafika ukutani.

Hapo nikafanya kosa la pili, nalo ni kosa la mshonaji. Nguo ikibana unaachia mshono, ikipwaya unaingiza, na nguo inakubali. Nilidhani na chuma kina tabia hiyo. Alhamisi mchana, Kitasa akiwa amelala, nilichukua funguo za zile baiskeli mbili. Mmoja nikauchimba jino la katikati, wa pili nikauchimba jino la mwisho. Nikajisifu sana. Sasa hazilingani, na kila ufunguo mpya nitauchimba hivyo hivyo, na hakuna moyo uliovunjika. Sikufikiria kwamba vyuma vya ndani ya kitasa vimekatwa kuufuata ufunguo wake. Ukiugusa huu bila kukigusa kile, havijuani tena.

Ijumaa muuza maziwa akaja kuchukua baiskeli yake. Nilisikia kila kitu kupitia ubao. Kitasa akamweleza ubora wa kazi, kwa madaha kama kawaida yake, akatia ufunguo. Haukuzunguka. Akautoa, akaufuta, akautia tena. Akachukua ule wa baiskeli ya pili, ajaribu walau huo kwenye kitasa chake, nao ukagoma. Muuza maziwa alikuwa muungwana, akasema hakuna neno, atarudi kesho. Hatua zake zikaishia barabarani. Halafu tupa ikaanguka sakafuni. Katika miaka yote ya ndoa yetu sikuwahi kusikia tupa ya Kitasa ikianguka.

Nilipoingia alikuwa amekaa chini kwenye vumbi la chuma, mkono wa kulia ameulaza mapajani kama mzigo wa mtu mwingine.

"Hata kuhesabu umeshindwa," alikuwa anauambia.

Nikapiga moyo konde. "Si mkono," nikasema. "Ni mimi."

Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, kwa kuwa ningekaa ningelia. Nilimwambia habari ya sokoni na ya nesi, nikamwambia uongo wangu, na funguo nilizozipanga, na tupa niliyoishika akiwa usingizini. Kidole na damu nilivisema mwisho. Alinisikiliza bila kuinua uso. Alipouinua, nilitamani asingeuinua.

"Kwa hiyo unajua," akasema.

"Najua."

"Tangu lini?"

"Jumatatu."

"Siku zote hizo umeninyamazia?"

"Na wewe umeninyamazia miezi minane!" Sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Nimepiga vigelegele mimi! Majirani wamekuja!"

Si vizuri kumpigia kelele mtu aliyekaa chini, lakini ndivyo nilivyo, na nilikuwa nimeumia. Aliona heri aukatekate mkono wake peke yake nyuma ya ubao kuliko aniambie mimi mkewe. Hilo ndilo lililoniuma, funguo zilikuwa kisingizio.

"Ulitembea wiki tano," akasema. "Viatu vyako viliisha visigino. Nilikuwa nimelala pale naviona kila siku, siwezi hata kugeuka. Nikasema huu mkono ukirudi, nitajua la kufanya. Ukawa haurudi. Na wewe ulikuwa umechoka. Nikaona nitangaze tu kwamba umerudi, labda utaona aibu urudi kweli."

Nikafuta uso kwa mkono wa gauni. "Na funguo? Hukujua zinalingana?"

"Haki ya Mungu sikujua. Nilidhani mkono wa mgonjwa hauwezi kurudia kitu kimoja mara mbili. Nikasema hata nikihesabu sawa, utakosea kwa namna yake, na kila ufunguo utakuwa na kosa lake." Akakifungua kiganja, akakitazama. "Mara kumi na saba, haukukosea hata unywele?"

"Hata unywele."

Kuna kitu kilimpita usoni ambacho sikukitegemea. Kilikuwa karibu sana na kicheko. "Basi si mbovu huu," akasema. "Ni kiziwi tu."

Jumamosi manesi saba wakaingia uani na baiskeli zao, wakicheka, na nesi wetu mbele yao. Nilikuwa nimemwambia Kitasa nitasema mimi, uongo ni wangu. Akakataa, kitasa ni cha kwake. Tukaanza wote wawili kwa pamoja, tukakatizana, mwisho nikamwachia. Aliwaambia wazi kwamba mkono wake wa kulia hausikii, na kwamba funguo zote zimetoka sawa. Kila aliyewekewa arudishe atengenezewe upya bure, na asiyemwamini tena aende kwa fundi mwingine, yeye hatanuna. Alisema hayo akiwa amesimama wima. Aliyetetemeka ni mimi.

Nesi akanigeukia. "Kwa hiyo siku ile sokoni…"

"Ulifunga," nikasema. "Nilikudanganya. Ulifunga vizuri kabisa. Nisamehe."

Nilitegemea matusi na nilikuwa tayari kuyapokea yote. Nesi akaweka mkono kifuani, akashusha pumzi ndefu. "Loo! Kumbe sijachanganyikiwa!" Akacheka, kisha akaacha kucheka, akaninyooshea kidole. "Lakini wewe mama wewe! Siku utakayokuja zahanati na homa yako, nitakutafutia sindano nene kuliko zote."

Wenzake wawili waliondoka na baiskeli zao, kwa adabu, wakasema wanakwenda kufikiria. Watano wakaziacha. Mmoja wao, mdogo kuliko wote, akauliza, "Sasa mzee, meno atapima nani?"

Swali hilo tulikuwa hatujalijibu sisi wenyewe. Mume wangu alinigeukia. "Huyu," akasema. "Mpe vitambaa viwili gizani, atakuambia kipi ni pamba."

Ndivyo nilivyoingia kwenye kazi ya vitasa, mchana ule ule, kwa kuanza na baiskeli ya nesi. Tangu augue nilikuwa nakaa na kutembea upande wake wa kulia, upande dhaifu, mkono wangu ndani ya mkono wake huo wa ganzi, nimshike akiyumba. Lakini jiliwa lake limefungwa pembeni mwa meza, kulia kuna ukuta, ikanibidi nisimame kushoto kwake. Nikapiga tupa. Ikalia vibaya, ikateleza.

"Usiikandamize kama pasi," akasema. "Sukuma mbele, rudi bila kugusa."

Nikasukuma mbele, nikarudi bila kugusa. "Sasa tosha?"

"Mimi nijuaje? Uliza kidole."

"Kidole changu kinajua nguo."

"Kitajifunza. Lete hapa."

Akanishika mkono ili akiweke kidole changu gumba juu ya jino, nisikie kina chake. Alinishika kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa ndio uliokuwa karibu nami. Akakisogeza hadi karibu na chuma, akasimama. Hakukiweka. Alikigeuza, akapitisha kidole chake chini ya gumba langu, pale panapokaa tundu la mkasi, akarudi tena polepole, jinsi alivyokuwa akipita kwenye meno ya funguo zamani.

"Hii sugu ni ya lini?"

Niliitazama. Ni ngumu, ya manjano, ukubwa wa kifungo cha shati. Alipokuwa amelazwa nilichukua kila kazi iliyokuja, sare za shule, mashuka, mapazia ya watu, nikakata kutwa nzima ili nyumba isilale njaa.

"Ina mwaka sasa," nikasema.

"Mkono huu nimeushika kila siku."

"Ndiyo."

"Kila siku," akasema tena.

Nikamwambia si kitu, hata haiumi. Alibaki ameushika mkono wangu, kidole chake kikiizunguka ile sugu, kikienda na kurudi. Siku ile hatukumaliza ufunguo hata mmoja.